Kanisa la Miti la Namirembe



Sisi wa Karatu na Ngorongoro tunajua kujenga kwa miti. Tangu zamani Wairaqw wamejenga tembe. Husimamisha nguzo, hulaza boriti juu yake, hupanga fito, kisha hufunika paa kwa udongo. Katika maboma ya Wamasai wajenzi ni akina mama. Wao huchomeka vijiti ardhini, huvifunga pamoja, na kuvikandika kwa mavi ya ng'ombe.

Sisi sote tunamjua pia mchwa. Unaegemea nguzo inayoonekana nzima kwa nje, kumbe ndani imekwisha liwa. Tunaujua upepo wa kiangazi unaong'oa paa. Tunajua mvua inayodidimiza msingi. Tunajua moto unaotoka jikoni na kumaliza nyumba kabla majirani hawajafika na ndoo.

Katika somo hili tutasoma habari za kanisa moja lililopatwa na mambo hayo yote manne. Ni kanisa la Anglikana lililoko Uganda. Somo hili halikusudii kufundisha dini. Wewe uwe Mkristo, Mwislamu, au mtu anayefuata desturi za wazee wake, somo hili ni lako. Linahusu ujenzi, tena linahusu kisomo.

Kilima cha Namirembe

Ukitoka Ngorongoro ukavuka mbuga za Serengeti kuelekea magharibi, utafika Ziwa Viktoria. Upande wa kaskazini wa ziwa hilo ndiko iliko nchi ya Buganda, na ndani yake uko mji wa Kampala, makao makuu ya Uganda. Mji huo una vilima vingi. Kimoja kinaitwa Namirembe. Katika lugha ya Kiganda neno mirembe maana yake ni amani.

Wamisionari wa kwanza wa chama cha CMS cha Uingereza walifika kwa Kabaka Mutesa mwaka 1877. Kabaka ni mfalme wa Buganda. Mwaka uliofuata akafika fundi mmoja Mskoti, jina lake Alexander Mackay. Wamisionari hao walitoka pwani ya Tanzania ya leo, wakapita nchi kavu mpaka ziwani. Mackay mwenyewe alifariki Usambiro, kusini ya ziwa, katika nchi yetu, mwaka 1890.

Watu wa ikulu ya Kabaka walikuwa wamekwisha jifunza Kiswahili kidogo kutoka kwa wafanyabiashara wa pwani. Kwa hiyo maandishi ya kwanza waliyosomeshwa na Mackay yalikuwa ya Kiswahili. Yalikuwa yametafsiriwa Unguja na Edward Steere, ambaye alikuwa Askofu wa huko. Maandishi ya Kiganda yalifuata baadaye.

Dini ilianza na kusoma

Huko Buganda mtu aliyeifuata dini mpya aliitwa msomaji. Hakuitwa hivyo kwa mzaha. Katika kanisa hilo mtu mzima aliyetaka kubatizwa alitakiwa kwanza ajue kusoma. Basi watu wazima walikaa chini wakajifunza herufi, kisha silabi, kisha maneno, kama tunavyofanya sisi darasani. Vitabu na karatasi za kujifunzia walizinunua kwa kauri, zile simbi zilizotumika kama fedha.

Kisomo hicho kiliwagharimu wengine maisha yao. Kati ya mwaka 1885 na mwaka 1887 Kabaka Mwanga, mtoto wa Mutesa, aliamuru wasomaji wengi wauawe. Walikuwamo Waanglikana na Wakatoliki. Wengi wao walichomwa moto mahali paitwapo Namugongo tarehe 3 Juni, 1886. Wengine walikuwa vijana wadogo waliotumikia ikulu. Baada ya hapo vilifuata vita vya miaka kadhaa. Hata wafuasi wa madhehebu hayo mawili walipigana wao kwa wao mwaka 1892.

Wasomaji waliosalia hawakuacha kusoma. Walihitaji mahali pa kukutania. Ndipo wakaanza kujenga.

Jengo la kwanza: maji

Mwaka 1890 walijenga kanisa chini ya kilima cha Namirembe. Lilikuwa jengo la muda tu. Lakini mahali pale palikuwa pa bondeni. Maji yalituama, ardhi ikawa tope. Mwaka 1891 jengo hilo likaachwa.

Hapo wajenzi walipata fundisho la kwanza. Waliamua kupanda juu ya kilima, mahali ambapo maji hayatuami.

Jengo la pili: upepo

Jengo la pili lilianzwa mwaka 1891 likamalizika mwaka 1892. Safari hii walijenga kanisa kubwa la kuingiza maelfu ya watu. Askofu wao, Alfred Tucker, aliyeliona mwaka huo, aliandika kwamba miti karibu 500 ilitumika kuwa nguzo. Baadhi ya miti ilitoka mbali, mwendo wa siku tano au sita. Mti mmoja mkubwa uliweza kuhitaji mamia ya watu kuubeba. Hapakuwa na gari wala trekta.

Kwa nini walihitaji nguzo nyingi namna hiyo? Waganda walikuwa mafundi hodari wa kujenga kwa miti, matete na nyasi. Nyumba zao za jadi zilikuwa za mviringo. Nyumba ya mviringo ina paa moja lililochongoka kama pia iliyogeuzwa. Upepo ukija huizunguka na kupita. Mvua ikinyesha huteremka pande zote.

Kanisa halikuwa la mviringo. Lilikuwa refu, lenye pembe nne, ili watu wote wamwone msomaji aliyesimama mbele. Sasa fikiri, ndugu yangu. Paa la nyasi lazima liwe na mteremko mkali. Likilala, maji hayatateremka upesi, nyasi zitaoza na nyumba itavuja. Kadiri nyumba inavyokuwa pana, ndivyo paa la nyasi linavyopaswa kwenda juu. Paa la juu sana lina uzito mkubwa. Tena mti mmoja hauwezi kuvuka upana wote wa jengo bila kupinda. Kwa hiyo walisimamisha nguzo safu kwa safu ndani ya kanisa, zishike paa. Mtu aliyeingia aliona kama ameingia msituni.

Kuta zilikuwa za matete yaliyopangwa wima na kufungwa kwa ustadi. Watu wengi waliketi chini, si juu ya mabenchi.

Lakini mahali palipowaokoa na maji paliwaingiza katika hatari nyingine. Juu ya kilima hapana kizuizi cha upepo. Jengo refu lenye paa la juu hupokea upepo ubavuni, kama tanga la jahazi. Mwishoni mwa mwaka 1894 ilikuja dhoruba kali. Kanisa la miti 500 likaanguka.

Vyumba vidogo vya kusomea

Je, kisomo kilikoma siku ile? Hakikukoma. Sababu yake ndiyo jambo kubwa la kukumbuka katika somo hili.

Wakati kanisa kubwa likiwa bado limesimama, watu wa vijijini walikuwa wameanza kujenga vyumba vidogo vya kusomea. Vyumba hivyo viliitwa sinagogi. Sinagogi ni neno la Biblia, maana yake nyumba ya kukutania Wayahudi kwa kusoma na kusali. Kila sinagogi ilikuwa jengo dogo tu: nguzo chache za miti, kuta za matete, paa la nyasi. Mwalimu wake alikuwa Mganda, mara nyingi mtu aliyejifunza kusoma miaka michache tu iliyopita. Watu walikuja kila siku kusoma na kusali.

Askofu Tucker aliandika kwamba mwishoni mwa mwaka 1893 makanisa hayo ya vijijini hayakuzidi 20. Mwishoni mwa mwaka 1894 hayakupungua 200. Tazama miaka hiyo vizuri. Mwaka ule ule upepo ulipoangusha kanisa kubwa, nyumba ndogo za kusomea zilikuwa zinaongezeka mara kumi.

Nyumba ndogo ilikuwa na faida zake. Miti yake ilipatikana karibu. Majirani wachache waliweza kuijenga bila kungoja amri wala fedha kutoka mjini. Ikiliwa na mchwa, wenyewe wanaijenga tena. Ilikuwa ndogo, kwa hiyo paa lake halikupanda juu sana, na upepo haukuipata kama ulivyolipata kanisa kubwa. Zaidi ya hayo, wenye kuijenga walikuwa ndio wenye kusoma ndani yake. Mtu hutunza kitu alichokitolea jasho.

Jengo la tatu: mchwa

Mjini nako watu hawakukaa kitako. Mwaka 1895 walikuwa wamesimamisha kanisa la tatu, nalo la miti na nyasi. 

Safari hii adui hakuja kwa kelele. Mchwa hapendi mwanga wala upepo. Hutoka ardhini, hupanda kupitia ndani ya mti au ndani ya kijia cha udongo anachokijenga juu ya mti. Hula kiini cha mti na kuacha ganda. Nguzo iliyochimbiwa ardhini ni mlango wake. Kanisa lile lilikuwa na mamia ya milango ya namna hiyo.

Baada ya miaka michache wajenzi waliingiwa na hofu. Waliona kwamba mchwa huenda wamekwisha kula miti, na paa zito lingeweza kuwaangukia watu ibadani. Hawakungoja ajali itokee. Jengo lilitumika mpaka mwaka 1901, likabomolewa na wenyewe. Huo ulikuwa uamuzi wa busara. Ni vigumu kubomoa kwa mikono yako kitu ulichokijenga kwa shida, lakini ni afadhali hivyo kuliko kuzika watu.

Wasomaji walimjua mchwa katika vitabu pia. Biblia nzima ya Kiganda ilikamilika kutafsiriwa mwaka 1896. Watafsiri wakuu walikuwa George Pilkington, mmisionari kutoka Ireland, na Mganda mmoja aliyeitwa Henry Wright Duta. Ilipopigwa chapa, ilifanywa ndogo na nene ili iingie katika mkebe wa bati wa biskuti. Ndani ya mkebe mchwa hawakuweza kuifikia. Kwa sababu hiyo inajulikana mpaka leo kama Biblia ya mkebe wa biskuti.

Jengo la nne: moto

Baada ya mchwa, waliamua kutumia matofali. Mmisionari fundi aitwaye Borup aliwafundisha vijana kufyatua matofali, kuyachoma, na kufanya useremala. Wanaume na wanawake walibeba udongo na matofali mpaka juu ya kilima. Kazi ilianza mwaka 1901 ikamalizika mwaka 1904. Sasa kuta zilikuwa imara. Maji hayakufika, mchwa hakula matofali, upepo haukuzisukuma.

Paa, hata hivyo, lilikuwa bado la nyasi. Mwaka 1910 radi ilipiga kanisa. Nyasi zikashika moto. Jengo lote likateketea.

Jengo la tano: linalosimama hadi leo

Watu wa Namirembe walianza tena mwaka 1915. Ramani ilichorwa na Temple Moore, fundi mchoraji wa majengo kutoka Uingereza. Kuta ni za matofali ya udongo uliochomwa. Paa nalo ni la vigae vya udongo uliochomwa, ambavyo haviungui kama nyasi. Kanisa lilimalizika mwaka 1919. Nalo linasimama hadi leo, zaidi ya miaka 100 baadaye.

Hesabu sasa. Tangu mwaka 1890 hadi mwaka 1919 watu wale wale walijenga kanisa mara tano. Kila jengo lilipopotea, walijiuliza limepotea kwa nini. Maji yaliwapandisha kilimani. Mchwa waliwafundisha kuchoma matofali. Moto uliwafundisha kutumia vigae. Hawakusema kwamba mahali pale pana mkosi.

Hii haina maana kwamba miti na nyasi ni vitu vya kudharauliwa. Katika kilima kingine cha Kampala kiitwacho Kasubi, Waganda walijenga nyumba kubwa ya mviringo mwaka 1882 kwa miti, matete na nyasi. Humo wamezikwa Kabaka wanne. Nyumba hiyo ilitunzwa na watu waliopewa kazi hiyo kwa ukoo, kila mmoja akijua sehemu yake. Ilidumu zaidi ya miaka 120. Iliteketea kwa moto mwezi Machi, 2010, nayo ikajengwa upya. Mti ukitunzwa hudumu. Nyasi hudumu pia, kama moto haujafika.

Sisi tujifunze nini?

Kijijini tuna majengo ya wote: darasa la kisomo, zahanati, ghala, kanisa, msikiti. Tuyakague kwa kuwakumbuka maadui wale wanne.

Maji. Usijenge bondeni. Inua msingi. Chimba mfereji wa kupitisha maji ya mvua mbali na ukuta. Udongo wetu mwekundu wa Karatu humomonyoka upesi maji yakipita juu yake.

Upepo. Funga miti ya paa kwenye ukuta au nguzo kwa waya au kamba imara, isikae kwa uzito wake tu. Panda miti ya kuzuia upepo, lakini isiwe karibu mno na nyumba.

Mchwa. Ambua magamba ya mti, uukaushe vizuri kabla ya kuutumia. Tumia kiini kigumu. Mtarakwa hustahimili mchwa kuliko miti mingi, lakini usiende kuukata katika misitu ya hifadhi. Msitu wa Ngorongoro ndio unaotunza maji yetu, na sheria inaulinda. Panda miti yako mwenyewe. Simamisha nguzo juu ya jiwe au zege, isiguse udongo. Kila mwezi tazama kama kuna vijia vya mchwa. Ukivikuta, vikwangue na utafute vinakotoka. Gonga nguzo: ikilia kama debe tupu, ndani imekwisha.

Moto. Jiko liwe mbali na paa la nyasi. Weka mchanga na maji karibu. Jengo lililo juu ya kilima liwekewe kinga ya radi na fundi anayeijua kazi hiyo.

Mambo haya hayahitaji fedha nyingi. Yanahitaji mtu aliyepewa zamu na siku ya kukagua. Palipo na jengo la wote pasipo na zamu, kila mtu humngoja mwenzake, na mchwa hamngoji mtu.

Mwaka 1970 Mwalimu Nyerere aliutangaza kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Wazee wetu wengi walijifunza kusoma chini ya miti, makanisani na misikitini, kwa kuwa hapakuwa na madarasa ya kutosha. Kisomo hakikungoja jengo zuri. Wasomaji wa Buganda nao hawakungoja. Upepo ulipoangusha kanisa lenye miti 500, neno walilokwisha jifunza kulisoma halikuanguka nalo. Siku iliyofuata lilisomwa katika vyumba vidogo vya matete vijijini.

Maneno ya kujifunza

Boriti: mti mnene unaolazwa juu kushika paa.
Fito: miti myembamba inayopangwa juu ya boriti au ukutani.
Kauri: simbi ndogo za baharini zilizotumika kama fedha.
Kinga ya radi: chuma kinachoishusha radi ardhini bila kudhuru nyumba.
Matete: majani marefu yenye mashina magumu, huota penye maji.
Vigae: vipande vya udongo uliochomwa, hutumika kuezekea.
Zamu: wakati wa mtu kufanya kazi kwa kupokezana na wenzake.

Maswali

1. Kwa nini watu waliofuata dini mpya Buganda waliitwa wasomaji?
2. Taja kilichoharibu kila jengo kati ya majengo manne ya kwanza.
3. Kwa nini paa la nyasi la nyumba pana hulazimika kwenda juu sana?
4. Kanisa la tatu lilibomolewa na wenyewe kabla halijaanguka. Je, walifanya vema? Toeni sababu.
5. Tangu mwaka 1890 hadi mwaka 1919 ni miaka mingapi?

Kazi ya pamoja

Tokeni nje pamoja na mwalimu wenu. Lizungukeni jengo mnalosomea. Gongeni nguzo. Tazameni msingi, paa na miti yake. Andikeni mlichokiona kwa sentensi tano, kisha mpelekeeni mwenyekiti wa kijiji. Chagueni pia mtu wa zamu ya mwezi huu.